Shajara ya mradi: kubadilisha kadi ya Wi-Fi kwenye ThinkPad X230

8 Machi 2025: hali ilivyo

Mashine ni laptop ya Lenovo, ThinkPad X230 ya mwaka 2012: prosesa i5-3320M, RAM GB 8, SSD na mfumo wa Linux uitwao Debian 12. Ni ya mdogo wangu anayepiga picha za harusi na send-off hapa Dar es Salaam. Akitoka kwenye shughuli hujifungia chumbani kwake, anachambua picha, kisha anazituma kwenye kompyuta kubwa ya sebuleni ambayo imeunganishwa na ruta kwa waya. Kuchambua kunakwenda vizuri. Kutuma ndiko kunakomkesha.

Kwanza jua kadi iliyomo. Kwenye Linux ni amri moja, `lspci -nnk`. Kwenye Windows fungua Device Manager, kisha Network adapters. Hapa iliyomo ni Intel Centrino Wireless-N 2200. Inatumia antena mbili na kwenye karatasi inaandikwa 300 Mbps, lakini inasikia masafa ya 2.4 GHz peke yake. Sisi tunakaa Sinza, kwenye jengo ambalo kila mlango una ruta yake. Masafa ya 2.4 GHz yana chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, kwa hiyo usiku watu wote wakiwa nyumbani mnagombania njia tatu. Na ile 300 Mbps inahitaji chaneli pana ya 40 MHz, ambayo kwenye msongamano kama huu kadi haipewi. Inashuka hadi 144 Mbps za kuunganishwa, yaani kasi ambayo kadi na ruta zimekubaliana, na za kuunganishwa si za kupitisha.

Nimepima kwa iperf3, programu ya kupima kasi ya mtandao, mashine ikiwa chumbani kwa mdogo wangu, kuta mbili za tofali za saruji kutoka kwenye ruta. Saa tatu usiku napata Mbps 17. Picha za harusi moja zikifika GB 60, na hazikosi kufika, hiyo ni karibu saa nane za kutuma.

Kabla hamjauliza: ndiyo, X230 ina tundu la waya la gigabiti. Kwa waya GB 60 zingekwenda kwa dakika zisizofika 10, na waya wa mita 20 ni bei ya chipsi kuku. Nimemwambia. Hataki waya ukatize koridoni, na mama hautaki zaidi yake. Kidude cha USB pia kingefanya kazi, kwa kuwa mashine ina matundu mawili ya USB 3.0, ila yeye hubeba laptop kwenye mkoba pamoja na lenzi, na kitu chochote kinachochomoza pembeni kitavunjika kabla ya mwezi kwisha. Kwa hiyo tunafungua.

15 Machi 2025: kununua

Tundu la kadi ya Wi-Fi kwenye X230 ni mini PCIe, ile fupi, inayoitwa nusu. Si M.2. Hili linabana uchaguzi, kwa sababu kadi zote nzuri za miaka ya karibuni, kama Intel AX200 na AX210, hutoka kwa umbo la M.2. Zipo adapta za kugeuza M.2 kuwa mini PCIe, na zipo kadi zenye chipu ya AX200 iliyofungwa kwenye bao la mini PCIe. Ukitumia adapta, kumbuka kwamba vichwa vya waya za antena havilingani: mini PCIe hutumia U.FL, M.2 hutumia MHF4 ambavyo ni vidogo zaidi, kwa hiyo utahitaji na vipande vya waya vya kuunganisha. Nafasi yenyewe chini ya kibodi ni finyu. Nimeiacha njia hiyo.

Ninayoitaka ni Intel 7260HMW ya mwaka 2013. Ni nusu mini PCIe, antena mbili, inasikia 2.4 na 5 GHz, Wi-Fi 5 (kizazi kinachofuata Wi-Fi 4 ya ile 2200), hadi 867 Mbps za kuunganishwa, na ina Bluetooth 4.0. Angalia herufi za mwisho: HMW ndiyo mini PCIe. Ile inayoishia NGW ni M.2 na haitaingia.

Nimeipata Kariakoo kwa muuza spea za laptop, imetolewa kwenye mashine nyingine, Sh 25,000. Alianza na 35,000.

"Hii inaingia mashine yoyote, mkuu," akaniambia.

"Na ThinkPad?"

"ThinkPad gani?"

"X230."

Akanyamaza kidogo. "Ikigoma utairudisha, tutabadilishana. Hela lakini hairudi."

Kunyamaza kule kulinipa jibu kuliko maneno yake, maana hata mimi nilijua mashine za kizazi hiki zina orodha ya kadi zinazoruhusiwa. Nilitaka tu kuliona kwa macho, na masharti ya kubadilishana yalinitosha.

16 Machi 2025: kufungua, na ujumbe wa 1802

Kufungua X230 hakuna miujiza. Zima kabisa, chomoa chaja, toa betri, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe. Geuza mashine, fungua skrubu zenye alama ya kibodi pamoja na zinazoshika fremu ya mbele. Sukuma kibodi kuelekea kwenye skrini kidogo, itainuka. Usiivute, kwa sababu chini kuna utepe wa waya unaoishikilia kwenye bao. Fremu ya mbele nayo ina utepe wake.

Kadi iko wazi ukishatoa hivyo viwili. Waya za antena ni nyembamba, wa kijivu ni wa kwanza na mweusi ni wa pili. Kwenye kadi utaona alama 1 na 2. Piga picha kabla ya kuzigusa. Vichwa vyake huchomolewa kwa kuvutwa kwenda juu, wima, kwa ncha ya plastiki au kucha. Ukivuta kwa pembeni, duara la shaba linabaki kwenye kadi na waya unabaki mkononi, na hapo kazi imegeuka kuwa ya kubadilisha antena iliyopita hadi kwenye skrini.

7260 imekaa vizuri. Nikarudisha betri, nikawasha bila kufunga kibodi kwa skrubu. Nembo ikatokea, kisha skrini nyeusi yenye mstari mmoja:

`1802: Unauthorized network card is plugged in - Power off and remove the miniPCI network card.`

Hapo mashine inasimama. Hakuna kitufe cha kuruka, haifiki hata kwenye diski. BIOS, programu ya ndani inayoiwasha mashine kabla ya Debian, inaposoma tundu la kadi hulinganisha namba za utambulisho za kadi na orodha iliyonayo ndani, na 7260, iliyotoka mwaka mmoja baada ya mashine, haimo kwenye orodha ya X230. Sababu inayotajwa kila mara ni vibali vya redio: laptop hupimwa na kuidhinishwa ikiwa na kadi fulani na antena fulani. Iwe ndiyo sababu au siyo, ukiwa na bisibisi mkononi haikusaidii.

Nimerudisha 2200. Mashine imewaka kama kawaida. Anayeuona ujumbe huu kwa mara ya kwanza asidhani ameunguza kitu. Toa kadi tu.

22 Machi 2025: njia ya halali

Kabla ya kuchezea BIOS nimejaribu kadi iliyomo kwenye orodha: Intel Centrino Advanced-N 6205. Ni Wi-Fi 4 bado, ila inasikia 5 GHz.

Kwenye droo yangu ya spea nilikuwa na 6205 iliyotoka kwenye HP. Nikaifunga, nikawasha: 1802. Chipu ni ileile, jina lilelile, lakini BIOS haitazami jina la chipu peke yake, inatazama pia namba ya pili inayoonyesha kadi ilitengenezewa nani. Hapa ndipo wengi wanapoteza hela. Kwenye tangazo inaandikwa 6205, kwenye picha ni 6205, ikifika inagomea mlangoni.

Unachotafuta ni namba ya FRU, yaani namba ya spea ya Lenovo, kwenye lebo ya kadi. Kwa 6205 ya Lenovo ni 60Y3253. Kama unataka ya antena tatu, ni Ultimate-N 6300 yenye FRU 60Y3233, lakini hakikisha kwanza skrini yako ina waya wa tatu, mweupe. Mwambie muuzaji akupigie picha ya lebo, si ya boksi.

Yenye FRU sahihi nimeipata kwa Sh 20,000 kwa fundi mwingine palepale Kariakoo, ametoa kwenye T420 iliyokufa bao. Imewaka bila neno. Debian imeitambua yenyewe kwa sababu kifurushi cha `firmware-iwlwifi` kilishakuwemo. Nikahamisha mashine kwenye jina la mtandao la 5 GHz.

Chumbani kwa mdogo wangu, saa tatu usiku, iperf3 inatoa Mbps 110. GB 60 sasa ni saa moja na robo hivi.

Niseme wazi: kwa watu wengi mradi unaishia hapa. Kama unachotaka ni intaneti, na kifurushi chako nyumbani ni cha Mbps 20 au 50, 6205 inakimaliza chote na inabaki na chenji. Kutoka 2.4 kwenda 5 GHz ndiko kulikobadilisha maisha. Kutoka Wi-Fi 4 kwenda Wi-Fi 5 ni ziada. Ninaendelea kwa sababu faili zinazunguka ndani ya nyumba na haziendi nje, na kwa sababu mdogo wangu ameshaonja.

5 Aprili 2025: kuiondoa orodha

Njia ziko mbili. Ya kwanza ni kuzisoma na kuziandika chipu za BIOS moja kwa moja kwa kifaa cha CH341A na kibanio chake. X230 ina chipu mbili, ya MB 8 na ya MB 4. Inahitaji kufungua zaidi na mkono uliotulia, na vifaa vingi vya CH341A vyeusi vya bei rahisi hutoa volti 5 kwenye nyaya za data wakati chipu inataka 3.3. Ya pili ni 1vyrain, programu ya bure inayofanya kazi kwenye ThinkPad za kizazi cha 30, kama X230, T430, T530 na W530. Inaandika BIOS iliyorekebishwa bila kufungua mashine. Nimechagua ya pili.

Masharti ya 1vyrain kwa X230 ni BIOS isizidi toleo 2.60. Bonyeza F1 wakati wa kuwasha uangalie. Hii ilikuwa na 2.57, nimeponea. Ikiwa juu ya hapo lazima uishushe kwanza kwa IVprep, ambayo ni ya mradi huohuo, na kabla ya kushusha uzime Secure RollBack Prevention ndani ya BIOS. Kushusha kuna gharama isiyoonekana: unarudi nyuma kwenye marekebisho ya usalama yaliyotoka baadaye. Kwa mashine ya kuchambulia picha nimekubali. Kwa mashine ya ofisi yenye hesabu za watu nisingefanya.

Na kama ulinunua ThinkPad iliyotumika, jaribu kuingia BIOS kabla ya yote. Zikiwa na nenosiri la msimamizi lililowekwa na kampuni zilikotoka, hutabadilisha chochote humo ndani.

Kikwazo changu kilikuwa betri. Iliyokuwepo inashika dakika chache tu, na maelekezo yanataka chaja na betri vyote viwepo. Hata yasingetaka, mimi nisingeandika BIOS kwa chaja peke yake mtaani kwetu: umeme ukikatika katikati ya kuandika, mashine haiwaki tena mpaka uifuate kwa CH341A. Nikanunua betri isiyo ya asili kwa Sh 45,000. Kuwasha, ujumbe mwingine: betri haitambuliki na haitachajiwa, bonyeza ESC uendelee. Kizazi cha 30 kina ukaguzi wa betri vilevile, na unafanywa na chipu nyingine tofauti na BIOS, kwa hiyo 1vyrain haiugusi. Hata betri ya X220, ambayo inaingia na kufunga vizuri kabisa, inakataliwa. Za X220 huandikwa 29, za X230 huandikwa 44. Soma namba iliyo kwenye betri kabla ya kutoa hela. Muuzaji amekubali kubadilishana kwa chaja ambazo nitaziuza. Betri ya 44+ nimeazima kwa fundi mwenzangu kwa jioni moja.

Kuandika kwenyewe kulikwenda hivi. Nimeandika faili la ISO kwenye flashi kwa `dd`. Mashine haikuiona flashi. Sababu ni kwamba BIOS ilikuwa Legacy Only, yaani kuwasha kwa mtindo wa zamani tu, na 1vyrain inataka UEFI, mtindo mpya. Nikabadilisha kuwa UEFI Only, Secure Boot ikiwa imezimwa, flashi ikaonekana kwenye orodha ya F12. Baada ya hapo ni kusoma na kujibu: nimechagua BIOS iliyorekebishwa ya Lenovo, si picha nyingine. Skrini ilizima, ikawaka, ikazima tena. Usiguse kitu hapo.

Ilipotulia nikaingia F1: menyu mpya ya Advanced imeongezeka, dalili kwamba imekubali. Kisha Debian haikuwaka. Hakuna kilichoharibika, diski ilisimikwa enzi za Legacy na BIOS sasa ni UEFI Only. Nikarudisha UEFI/Legacy Boot kuwa Both, Debian ikarudi. Andika pembeni mpangilio wako wa BIOS kabla ya kuanza, maana mingine utaibadilisha njiani.

6 Aprili 2025: 7260 ndani

Nikatoa 6205, nikafunga 7260. Nembo, kimya cha sekunde moja, kisha Debian. 1802 haipo. `lspci -nnk` inaonyesha 8086:08b1 na draiva ni iwlwifi.

Halafu mshtuko mdogo: mashine ikiwa mezani, futi chache kutoka kwenye ruta, `iw dev wlp3s0 link` inaonyesha nguvu ya -74 dBm (inavyokaribia sifuri ndivyo bora). Kwa umbali ule nilitegemea -45 au -50. Kasi ilikuwa mbaya kuliko 6205. Nilianza kuilaumu kadi iliyotumika, kumbe ni waya mweusi. Kichwa kilikuwa kimekaa juu ya duara lake bila kuingia. Kwa macho kimeingia, ukikigusa kinacheza. Vichwa hivi vinataka kusukumwa chini kwa ncha butu ya plastiki mpaka usikie au uhisi "tk" ndogo kwenye kidole. Nikarudia vyote viwili. Nguvu ikawa -46.

Kama kadi yako mpya inaona mitandao michache kuliko ya zamani, anza na hapa kabla ya draiva.

Bluetooth ya 7260 haikuonekana kabisa, si kwenye `lsusb` wala `rfkill`. X230 nyingine zina kibao kidogo cha Bluetooth kinachojitegemea. Hii haikuja nacho, na mdogo wangu anataka kutumia spika. Tatizo ni pini ya 51. Kwenye 7260 pini hiyo ni ya kuzima Bluetooth, na tundu la mashine za zamani linaipa ishara inayoiacha imezimwa. Dawa ni kuifunika. Shika kadi uso wenye viunganishi vya antena ukutazame. Meno ya dhahabu yamegawanywa na mkato katika sehemu fupi na ndefu. Pini ya 51 ni jino la mwisho kabisa la sehemu ndefu, kwenye uso huohuo. Nimekata kipande cha tepu isiyopitisha umeme chenye upana wa jino moja, nikakibandika, nikakishindilia kwa kucha ili kisijikunje kadi inapoingia. Jaribio la kwanza tepu ilikuwa pana, ikagusa jino la jirani, nikaipunguza kwa wembe. Baada ya hapo Bluetooth ikatokea na spika ikaungana.

Fremu, kibodi, skrubu. Zile za chini hazilingani urefu, kwa hiyo ukizichanganya ile ndefu inaweza kuinua kibodi. Mimi huzichomeka kwenye katoni niliyochora umbo la mashine.

19 Aprili 2025: wiki za kutumia

Vipimo vya 7260, chaneli ya 36 yenye upana wa 80 MHz: sebuleni karibu na ruta Mbps 480, chumbani kwa mdogo wangu Mbps 210. GB 60 zinakwenda kwa dakika 38 hivi. Kuta za tofali hazimhurumii mtu. Masafa ya 5 GHz hupungua kwenye ukuta kuliko 2.4, ndiyo maana chumbani ni chini ya nusu ya sebuleni.

Kero moja ilibaki. Akifungua folda za kompyuta kubwa zilikuwa zinakwama kidogo kabla ya kufunguka, ingawa faili likishaanza kwenda linakimbia. Ping, yaani muda wa ujumbe mdogo kwenda na kurudi, kwenye ruta ilikuwa inaruka kutoka milisekunde 2 hadi zaidi ya 100 na kurudi. Hiyo ni kadi kusinzia ili kuokoa betri. Nimeizuia kwa faili jipya ndani ya `/etc/NetworkManager/conf.d/` lenye mistari miwili:

`[connection]`
`wifi.powersave = 2`

Namba 2 maana yake zima, 3 ni washa. Baada ya kuanzisha upya NetworkManager ping imetulia kwenye 2 na 3. Maelekezo mengi ya mtandaoni yanakwambia uongeze pia `11n_disable=8` kwenye iwlwifi. Nimejaribu, hapa haikubadilisha chochote, nimeiondoa. Usiache kwenye mashine mpangilio ambao hujui unafanya nini.

Gharama mpaka sasa:

- 7260HMW iliyotumika: Sh 25,000
- 6205 yenye FRU 60Y3253: Sh 20,000, nimeiuza tena 15,000
- Betri iliyokataliwa: Sh 45,000, imekuwa chaja
- Nauli za Kariakoo na tepu: Sh 8,000

Aliyeishia kwenye 6205 angetumia Sh 20,000 na mchana mmoja.

17 Mei 2025: nyongeza, Dell Latitude 7480

Jirani amesikia, ameleta Latitude 7480 pamoja na kadi aliyokwishaagiza, Intel AX201. Anataka Wi-Fi 6.

Tundu la 7480 ni M.2, kadi ni M.2 ya 2230, imeingia na skrubu imefunga. Mashine imewaka bila ujumbe wowote. Wi-Fi haipo. Device Manager haina kitu, hata kile cha njano chenye alama ya mshangao hakuna. Kwa wengi hali hii inapoteza muda kuliko 1802, maana mashine haikwambii kitu na wewe unaanza kuhangaika na draiva.

AX201 si kadi kamili. Sehemu kubwa ya kazi yake imo ndani ya chipu za Intel za mashine yenyewe, mpango unaoitwa CNVi, na kadi imebaki kuwa redio tu. Prosesa ya kizazi cha 7 iliyomo kwenye 7480 haina nusu hiyo ya pili, basi hakuna wa kuzungumza na kadi. AX200 ina kila kitu ndani yake na hupita kwenye PCIe ya kawaida. Ukikariri namba: AX200 na AX210 zinaingia kwenye mashine za zamani zenye M.2 na hata za AMD. AX201 na AX211 zinahitaji mashine ya Intel iliyoandaliwa kwa ajili yake. Tarakimu moja ya mwisho, na kwenye matangazo zinapangwa pamoja kama ndugu.

Nimemtafutia AX200 kwa Sh 45,000. Dell hii haina orodha ya kuzuia kadi, imeitambua mara moja, draiva ya Windows nimeipakua kwa simu na kuihamishia kwa waya wa USB. Vichwa vya MHF4 vimenitoa jasho. Ni vidogo kuliko vya X230 na havivumilii kuchomolewa na kurudishwa mara nyingi, kwa hiyo weka kadi mahali pake kwanza, funga skrubu, ndipo ubonyeze waya.

Ruta yake ni ya Wi-Fi 5, kwa hiyo Wi-Fi 6 ataiona siku atakayoibadilisha. Kasi imeongezeka kidogo sana ikilinganishwa na Intel 8265 aliyokuwa nayo, na nimemwambia hivyo kabla hajalipa.

AX201 ameniachia. Mwenye laptop ya Intel ya kizazi cha 10 iliyotoka na AX201 ikafa, aje tuijaribu, Sh 15,000 na kufungiwa ndani yake.